Mwaka Baba Alipomposa Mama

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi ya mwalimu ni kusahihisha. Nimeshika kalamu nyekundu miaka thelathini na miwili, na mkono ukishaizoea hauiachi shuleni. Nasahihisha vibao vya barabarani, nasahihisha watangazaji wa redio, na padri akikosea tarehe ya sikukuu namngoja nje ya kanisa. Ugonjwa wa kusahau ulipoingia nyumbani kwetu, aliyeugua alikuwa Mama, lakini aliyesumbua watu nilikuwa mimi.

Nyumba yetu iko Kampala, nyuma ya soko la Kalerwe, upande ambao malori ya matoke yanapakulia. Baba aliijenga kidogo kidogo akiwa bado askari polisi, akahamia siku aliyostaafu. Yeye ni mtu wa kaskazini, Mkatoliki tangu kuzaliwa. Mama ni Mnubi wa Bombo, binti wa dereva wa lori. Alizaliwa Mwislamu, akabatizwa baada ya kumpata Baba. Tulilelewa katika kambi za polisi, na nyumbani tukasema Kiswahili, kwa sababu Baba hakujua Kinubi na Mama hakuwa na hamu ya Kiacholi. Kila Jumapili walipanda pamoja kilima cha Lubaga kwenda misa, Mama mbele na Baba hatua mbili nyuma, eti analinda. Mimi nilirudi kuishi nao mume wangu alipofariki. Asubuhi nakwenda kufundisha upande wa Kyambogo, saa tisa nimerudi.

Mama alianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Halafu akawa anauliza jambo moja mara saba kabla ya mchana. Daktari alitueleza kwa upole kwamba huo ni ugonjwa, si uzee tu wala si ukaidi, na kwamba dawa ya kuuondoa hakuna, ila mtu anaweza kuishi nao vizuri kama walio karibu naye watamsaidia. Mimi nilisikia neno "saidia" nikaelewa "sahihisha". Mama akisema leo ni Idi, namwambia ni Jumanne. Akimtaja kaka yake, namwambia kaka yako alishakufa. Alilia upya kila mara, kama ndiyo kwanza apate habari, nami bado niliona natenda haki. Leo nikikumbuka naona aibu.

Basi Jumamosi moja asubuhi niko jikoni nakoroga uji, nikasikia kelele chumbani kwao. Nilimkuta Mama amejifunika shuka toka kichwani mpaka miguuni, macho tu ndiyo yanaonekana. Baba alikuwa amesimama kando ya kitanda na fulana yake, mikono juu.

"Wifi!" Mama akaniita. Wakati huo alikuwa ameshanifanya mke wa kaka yake, na mimi nilishaukubali uwifi kwa shingo upande. "Wifi, huyu muzee ametoka wapi? Mimi mutoto ya watu, mimi sina bwana! Baba yangu akimukuta hapa atamuua!"

"Mama, huyu ni Baba. Ni mume wako."

"Bwana ya nani? Toa yeye!"

Nikakimbilia sebuleni, nikaitoa ukutani picha ya harusi. Walifunga ndoa Lubaga mimi nikiwa nimeshazaliwa, na katika picha hiyo niko mapajani kwa mama mdogo, nimekunja uso. Nikamwonyesha: huyu ni wewe, huyu ni Baba. Mama aliitazama sana. Akaigusa kwa kidole.

"Huyu kijana muzuri," akasema. "Lakini huyu muzee si yeye."

Baba alicheka. Halafu akaacha kucheka, akachukua mto wake na redio yake, akahamia chumba walicholala kaka zangu zamani. Alichukua na msalaba uliokuwa ukutani. Mama alikuwa ameanza kuswali tena humo chumbani kama alivyofundishwa na bibi yake, sura hazikosei hata neno, naye Baba aliona si adabu kumwekea msalaba mbele ya macho. Nilipomuuliza kama haimuumi, alisema, "Mungu anajua tumemuweka chumba gani."

Kilichomuuma kilikuwa kingine, na alikisema siku ya tatu, akiwa ameinamia sahani asiyoigusa. "Mimi nimelala karibu na huyu mama miaka hamsini na mbili. Sasa nitakufa kwa chumba ya vijana? Na yeye atakufa anaogopa mimi?"

Baba alikuwa hali chakula. Mama naye alikuwa hali, kwa sababu kila aliposikia kikohozi cha Baba alisukuma kiti mlangoni. Gauni lake la nyumbani likaanza kumpwaya mabegani. Kwenye kliniki anakopimwa presha, muuguzi alimpima uzito, akaninong'oneza pembeni: "Mwalimu, wewe unashinda kila hoja, na mama anapungua. Usimvute arudi huku. Mfuate kule alipo." Nilichukia. Msichana mdogo kuliko mwanangu wa mwisho ananifundisha kazi! Nilinuna mpaka tukafika nyumbani.

Aliyetuokoa ni mama mdogo, mdogo wake Mama, aliyekuja kutoka Bombo na kikapu chake cha rangi sita na mdomo wake usiokuwa na breki. Alikaa chumbani na Mama saa nzima, wakicheka Kinubi. Alipotoka alimkuta Baba ameketi sebuleni na mimi nimesimama na picha ya harusi, maana nilikuwa najiandaa kujaribu tena.

"Weka hiyo picha chini," akaniambia. "Nyinyi mnajua huko ndani iko nani? Iko musichana ya miaka kumi na saba. Anakaa kwa nyumba ya baba yake, anangoja. Halafu muzee mwenye mvi anaingia na fulana, hakuna hodi, hakuna salamu. Wallahi hata mimi ningepiga kelele."

"Anangoja nini?" nikauliza.

Mama mdogo alimgeukia Baba. "Shemeji, mwambie huyu mtoto wako vile ulichukua dada yangu."

Baba akakuna kisogo. Miaka yote nilijua kwamba wazazi wangu "walikutana Bombo", na nikadhani habari imeishia hapo. Sasa ndipo nikasikia kwamba konstebo kijana wa kaskazini alimpakia binti wa watu kwenye lori la polisi lililobeba kuni, saa sita mchana, wakati baba wa binti yuko msikitini. Hakutuma mshenga. Hakuleta barua wala hata pakiti ya sukari. Babu hakuwasamehe mpaka mtoto wa tatu alipozaliwa, na wakati huo hapakuwa tena na cha kuposa.

"Dada hakujuta," mama mdogo akasema, na sauti ikashuka. "Yeye mwenyewe alipanda ile lori, hakuna mutu alimusukuma. Alikupenda, shemeji. Lakini kila Idi tukikaa kusuka alikuwa ananiambia maneno moja. Ananiambia, mimi hakuna mutu amewahi kuja kuniuliza."

Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na sikuwahi kujua kwamba Mama alikuwa na kitu anachokosa.

"Basi mimi nitauliza," Baba akasema.

Jumamosi iliyofuata mama mdogo alitundika pazia zito kwenye mlango wa chumba, akamweka Mama kitini upande wa ndani, na Baba akaenda kuvaa. Hapo ndipo alipokosea. Askari polisi akitaka kuonekana mtu wa maana anajua vazi moja tu. Alitoka amevaa koti lake la sare lenye vifungo vya kung'aa na nishani kifuani, viatu amevisugua mpaka unajiona. Kisha akabisha hodi kama alivyobisha miaka thelathini kazini, yaani kwa ngumi, mara tatu, fremu ya mlango ikatikisika.

"Fungua!" akasema. Mazoea yana taabu.

Mama, binti wa dereva aliyesumbuliwa na kila askari wa barabarani, alijibu kutoka chini ya kitanda: "Baba hayuko! Lori imeharibika!"

Tulitumia nusu saa kumtoa chini ya kitanda, na nusu saa nyingine kumtuliza mama mdogo, aliyekuwa amelala kwenye zulia kwa kicheko. Baba alikaa kwenye ngazi ya nje na nishani zake, amefadhaika. Nikamletea kanzu, ile aliyovaa siku mwanangu alipokwenda kutambulishwa ukweni. Hapa Kampala kanzu haina dini. Mkatoliki anaivaa, Mwislamu anaivaa, na hata asiyesali popote anaikopa kwa jirani. Akaivaa, akachukua pakiti ya sukari jikoni, akaketi kwenye kigoda upande wetu wa pazia.

"Hodi," akasema, taratibu.

Kisha sauti ya Mama, nyembamba, sijawahi kuisikia: "Nani?"

"Ni mimi. Mimi natoka mbali. Nimekuja kuuliza kama huku ndani iko binti."

"Iko."

"Nimeleta sukari."

Mama mdogo akaipitisha sukari kando ya pazia. Tukasikia pakiti inapimwa mkononi. Halafu yale maneno niliyokuja kuyazoea kama kengele ya shule: "Mwambie asante. Mwambie aje kesho."

Nilidhani Baba atavunjika moyo. Aliinuka akiwa anatabasamu, akarekebisha kanzu mabegani. "Mwanamke akikuambia kuja kesho," akanieleza, "hajakataa."

Mama mdogo alirudi Bombo, ushenga ukaniangukia mimi. Niliupokea vibaya. Kila siku baada ya alasiri nilitakiwa kukaa ndani ya pazia na Mama, nijifanye wifi, nipokee sukari ileile niliyoirudisha jikoni jana yake. Kilo moja ya sukari ilipelekwa posa mpaka pakiti ikachanika, nikaihamishia kwenye pakiti mpya. Siku ya tano nikamwambia Baba sipendi uongo, mimi ni mwalimu.

"Uongo uko wapi?" akaniuliza. Hakukasirika, alitaka kweli nimwonyeshe. "Mimi namtaka huyu mama. Mimi naenda kumuuliza. Yeye anasema kesho, na kesho mimi narudi. Uongo iko kwa neno gani?"

Nilitafuta neno la kupigia mstari mwekundu, sikuliona. Nikaenda zangu kuosha vyombo.

Basi tukaishi hivyo, na lazima niseme wazi: ulikuwa mwaka mzuri. Mama, aliyekuwa akipigana nami kila siku ya kuoga, sasa saa tisa nikiingia tu ananiuliza maji yako wapi, mgeni anakuja. Akajipaka mafuta, akafukiza udi mpaka jirani akakohoa. Vidonge vya presha alivimeza bila ugomvi, kwa kuwa nilimwambia binti anayeposwa hatakiwi kizunguzungu. Akala. Mashavu yakarudi. Muuguzi alipompima tena alinitazama, nami nikatazama ukuta, lakini nilipotoka nilimshukuru.

Baba naye alipata kazi. Mtu aliyestaafu akikosa pa kwenda kila siku, miguu ndiyo inaanza kumsahau. Sasa kila asubuhi, jirani akikaa na Mama, alishuka sokoni na fimbo yake kutafuta cha kuongezea kwenye sukari: leo karanga za kukaanga, kesho ndizi mbivu, siku nyingine sabuni ya kunukia. Soko zima lilijua habari zake. Wauza nyanya walimpigia kelele toka mbali, wakimwita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, bado?"

"Bado, nyabo," anajibu, naye akiwaita bibi. "Wamesema kesho."

"Bambi, pole! Hawa wakwe wako wagumu!" Na wanamwongezea nyanya mbili.

Sisemi kila siku ilikuwa asali. Zipo siku Mama hakumtaka mgeni wala udi, alimlilia mama yake aliyezikwa zamani, nami nilijifunza kumwuliza mama yake alikuwa anapika nini, badala ya kumwambia amekufa. Siku moja aliirusha sukari, ikammwagikia Baba kwenye viatu. Siku nyingine alimwita mwizi. Baba aliinuka, akasema "asante, nitarudi kesho," akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, na redio haikulia jioni hiyo. Nilijua analia, sikumfuata. Lakini kesho yake saa kumi kanzu ilikuwa imepigwa pasi.

Walizungumza mambo gani kupitia pazia lile? Mambo ya kawaida. Mama alimwuliza anatoka wapi, Baba akamweleza kwao, mto, mtama, ng'ombe wa baba yake. Mama alisikiliza habari alizoishi nazo nusu karne kama mpya kabisa, akauliza maswali ya maana, kuliko hata sisi watoto tulivyowahi kuuliza. Siku moja alimwuliza kama anajua kucheka, kwa sababu askari wengine hawajui. Hatukuwa tumemwambia kwamba mgeni ni askari. Baba alinitazama kupitia upenyo wa pazia, macho yamemtoka. Mimi nikaweka kidole mdomoni.

Mwezi wa mvua, Baba akashikwa na malaria. Kliniki walimpa dawa, wakasema alale. Siku ya kwanza bila hodi, Mama alikaa kwenye kiti chake na mafuta yake na udi wake mpaka giza likaingia. Nilimwambia mgeni ni mgonjwa. Akasema pole, na baada ya dakika tano akaniuliza, "Wifi, mgeni wetu leo ana kazi?" Siku ya pili ilikuwa vilevile. Nilijipa moyo kwamba atasahau, maana mtu asiyekumbuka chai ya asubuhi atakumbukaje mtu aliyemsikia nyuma ya pazia? Na hapo hofu ya Baba ikanihamia. Kama siku mbili hizi zitamfuta, nani atamrudisha? Baba yu kitandani, ametetemeka mpaka amechoka, ananiuliza jambo moja tu: "Ameniuliza?" Nikamwambia ameuliza. Hakuniamini. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nasema kweli na naonekana mwongo.

Siku ya tatu nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari. Saa kumi ilipita. Pazia likasogea, Mama akatoka. Tangu tulitundike hakuwahi kulivuka saa za posa. Alikuwa amejitanda vizuri, akanipita kama sipo, akaenda jikoni, nikasikia kabati linafunguliwa. Akarudi na pakiti ya sukari kifuani. Akakaza mwendo kwenye korido mpaka mlango wa chumba cha vijana, ambao nao una pazia, jepesi, la maua. Akasimama hapo.

"Hodi," akasema.

Ndani kitanda kikalia. "Nani?" Sauti ya Baba ilikuwa ya homa.

"Ni mimi. Nasikia muzee wa sukari ni mugonjwa."

Nilikuwa nimeinuka na kalamu mkononi. Halafu nikamsikia Baba anacheka, kile kicheko chake cha kambini, kidogo na kikohozi ndani yake.

"Mwambieni," akasema, "aje kesho."

Mama hakucheka. Aliishika sukari kwa mikono miwili. "Hapana," akasema. "Kesho nitasahau."

Malori yalikuwa yanapiga honi huko sokoni. Kisha Baba, polepole sana: "Karibu, mama. Karibu ndani."

Akaingia. Nilisogea mpaka mlangoni, nikasema moyoni kwamba ni kwa usalama wake, asije akajikwaa. Aliutazama msalaba ukutani, akamtazama Baba na blanketi lake. Akaiweka sukari juu ya redio, akavua kandambili, akaketi kitandani upande wa ukutani, ule aliolala miaka hamsini na miwili. Akamwekea Baba kiganja kwenye paji la uso, kupima homa.

Kisha akaniona.

"Wifi," akasema, "unatazama nini? Shusha pazia."

Nikalishusha.